Wasifu wa Bibi, na Swali Tulilosahau Kuuliza

Bibi alifariki usiku wa kuamkia Jumamosi moja ya Agosti 2018, na mazishi yakapangwa alasiri ya siku hiyohiyo. Alfajiri, maji ya kumwoshea yakiwa bado jikoni, mjomba mkubwa akanipa daftari la shule lililobaki kurasa chache. Akasema, “Wewe ndiye mwenye mwandiko. Andika wasifu wa mama. Usizidi ukurasa mmoja, jua halitusubiri.”

Nikaandika. Nauweka hapa kama nilivyousoma uani kabla ya jeneza kutoka, kwa sababu kisa chote kimo ndani yake:

“Marehemu alizaliwa tarehe 1 Januari 1930, Ujiji, Kigoma. Hakubahatika kupata elimu ya shule. Aliolewa mwaka 1947 na mzee wetu, mtumishi wa reli, naye akamfuata mumewe katika vituo vyake vyote vya kazi: Urambo, Lindi, Tabora na Dar es Salaam. Alikuwa mama wa nyumbani. Alijaliwa watoto saba, wajukuu ishirini na watatu na vitukuu kumi na mmoja. Alianza kusumbuliwa na shinikizo la damu mwaka 2009. Bwana alitoa na Bwana ametwaa.”

Watu waliitikia amina. Mjomba akanishika bega. Jioni, wanaume waliporudi makaburini, nikaenda kumpa pole bibi mdogo, yaani mdogo wake marehemu, aliyekuwa amekaa mkekani akiegemea ukuta. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanivuta nikae karibu. Akaniambia taratibu, bila hasira, “Umesoma vizuri, mke mwenzangu. Ila huyo uliyemsoma simjui.”

Siku arobaini zilizofuata nilizitumia kutafuta alikuwa na maana gani. Ninaandika tulichokipata na namna tulivyokipata, kwa kuwa tangu hapo nimesikiliza wasifu wa akina mama wengi misibani na karibu wote una sentensi ileile niliyoiandika mimi: alimfuata mumewe. Sentensi hiyo inaweza kuwa kweli. Kwa bibi yangu ilikuwa uongo, na mwandishi wa uongo huo ni mimi, niliyelala chumba kimoja naye miaka sita.

Nianze na tarehe ya kuzaliwa, maana ndiyo iliyotuchukulia muda mwingi na kutupa kidogo. Wazee wengi wa rika lake wana kitambulisho kinachosema 1 Januari. Siku hiyo huandikwa pale mtu anapojua mwaka kwa kukadiria na siku haijui kabisa. Bibi mwenyewe alikuwa akisema alizaliwa “wakati wa nzige”. Nzige walivamia Afrika Mashariki kuanzia 1928 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1930, kwa hiyo neno lake linatupa miaka kama minne. Mama mkubwa naye alikuwa na habari nyingine: kwamba mama yao bibi alikuwa mja mzito Liemba ilipoanza safari. Liemba tunaijua vizuri. Meli ile ililetwa na Wajerumani kwa vipande hadi Kigoma, wakaizamisha wenyewe mwaka 1916 Waingereza na Wabelgiji walipokaribia. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, nayo ikaanza kazi upya kwa jina hilo Mei 1927. Mimba ya Liemba ingemfanya bibi azaliwe mwaka huo, na alipofariki angekuwa amepita miaka tisini.

Bibi mdogo ndiye aliyelifungua hilo. Mimba ya Liemba ilikuwa ya kaka yao, si ya bibi. Habari ya mtoto mmoja ilikuwa imehamia kwa mwingine, kama zinavyohama nguo katika nyumba yenye watoto wengi. Tukabaki na nzige, na 1930 ya kitambulisho ikawa si mbali na ukweli. Tukaandika “takriban mwaka 1930, wakati wa nzige”, tukaendelea.

Lakini katika kuhangaika na hilo nilijifunza kuuliza. Ukimwuliza mzee “ilikuwa mwaka gani?” atakupa mwaka wowote ili usimsumbue. Ukimwuliza “wakati huo alikuwa amembeba nani mgongoni?” anatulia na kufikiri, kisha anakupa jibu ambalo unaweza kulipima. Kwa mama aliyezaa watoto saba kati ya 1949 na 1961, watoto ndio kalenda. Nikachora mstari ukutani kwa chaki, nikaandika kila mtoto na mahali alipozaliwa, halafu kila habari ya safari tukawa tunaitundika kwa mtoto.

Hapo ndipo Lindi ilipotuvuruga.

Hadithi ya nyumbani ilikuwa hivi. Babu alikuwa kibarua wa njia ya reli, akapelekwa Urambo mwaka 1948 kwenye kazi za mradi wa karanga, kisha kusini. Mradi huo wengi tumeusoma darasani. Serikali ya Uingereza ilikusudia kulima zaidi ya eka milioni tatu za karanga Tanganyika ili ipate mafuta ya kula baada ya vita. Kazi ikaanza 1947 huko Kongwa, ikafuata Urambo na Nachingwea. Udongo ulikuwa mgumu, mvua haikutosha, mashine zilivunjika, na Januari 1951 mradi ukavunjwa baada ya kula zaidi ya pauni milioni thelathini. Kwa ajili yake ilijengwa reli ya Kusini, kutoka pwani ya Lindi kuingia bara hadi Nachingwea. Babu alikuwa huko kujenga njia hiyo. Karanga zilipokufa akarudishwa Tabora, na bibi, kwa mujibu wa kila mtu, akarudi naye.

Ila bibi alikuwa na habari moja ya Lindi aliyoisimulia kila mvua kubwa ilipokuja na upepo. Alisema aliona bati la duka likiruka juu ya minazi “kama karatasi ya peremende”, na minazi yenyewe ikalala yote upande mmoja, na asubuhi watu wakawa wanatambua nyumba zao kwa mawe ya jikoni. Nilipokuwa mtoto niliichukulia kama hadithi ya kututuliza tusiogope mvua ya kwetu. Safari hii nikamwuliza bibi mdogo swali la mgongo. Akajibu papo hapo, “Mgongoni alikuwa mama yako mkubwa. Tumboni alikuwa mjomba wako.”

Kimbunga kilichoipiga Lindi kinajulikana. Kilitua Aprili 1952, kikabomoa sehemu kubwa ya mji na kuua watu. Kimbunga kamili kufika pwani yetu ni jambo la nadra sana, hakuna kingine cha kuchanganya nacho katika miaka ile. Kwa hiyo Aprili 1952, miezi kumi na tano tangu mradi wa karanga uvunjwe, babu akiwa Tabora kazini, bibi alikuwa bado Lindi, mja mzito, na mtoto wa miaka mitatu mgongoni.

Mjomba mkubwa hakulipenda hilo. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza kwa sauti ya mtu anayetaka jibu, “Mnataka kusema mama alimwacha baba?” Hakuna aliyetaka kusema hivyo. Lakini mama akamkumbusha cheti chake cha kumaliza shule. Cheti cha mjomba kinasema alizaliwa Lindi, 1952. Miaka yote ile alikuwa akituambia karani alikosea, kwa kuwa yeye alijua fika kwamba kwao ni Tabora, na aliwahi hata kwenda kuomba kirekebishwe. Karani alikuwa sahihi. Nilimtazama mjomba akikitoa kile cheti kwenye bahasha ya nailoni na kukisoma upya, kidole kikipita chini ya neno moja. Mtu wa miaka sitini na sita alikuwa anajifunza mahali alipozaliwa.

Na kuzaliwa kwake kwenyewe ndiko kulikojibu swali lake. Mtoto wa katikati ya 1952 maana yake babu alikuwa Lindi miezi ya mwisho ya 1951. Bibi mdogo akathibitisha: babu alichukua likizo, akapanda treni Tabora hadi Dar es Salaam, akapanda meli ya pwani hadi Lindi kumfuata mkewe. Akakaa wiki chache, akarudi kazini peke yake.

Kwa nini bibi alibaki? Hapa nategemea kinywa cha bibi mdogo peke yake, na nimeandika hivyo hata katika nakala ya familia. Anasema bibi alikuwa na genge. Alikuwa akiwapikia vibarua chai na vitumbua alfajiri na wali mchana, wanalipa mwisho wa mwezi. Karanga zilikuwa zimekufa lakini kazi za Kusini hazikuwa zimekwisha: reli ilikuwa inaendelea kuelekea Mtwara, ambako bandari mpya ilikuwa inajengwa. Watu walikuwa bado wanataka kula, na walikuwa bado wanadaiwa. “Angeondoka vipi na madeni ya watu mkononi?” bibi mdogo aliniuliza, kama vile jambo hilo halihitaji maelezo. Bibi alimtumia mumewe hela kwa posta, Tabora. Babu akaziweka. Kiwanja cha Tabora ambacho sote tulidhani kilinunuliwa kwa mshahara wa reli, kilinunuliwa kwa vitumbua vya Lindi.

Upepo ulipobeba genge lake, akakaa hadi mtoto alipopata nguvu, ndipo akaenda Tabora. Niliusoma tena ukurasa wangu: “akamfuata mumewe katika vituo vyake vyote”. Nikaona aibu ambayo sikuitarajia.

Sanduku la bati la bibi lilikuwa chini ya kitanda siku zote na hakuna aliyethubutu kulifungua hadi wiki ya tatu. Mama mkubwa alilifungua akiwa na udhu. Kulikuwa na kanga mbili ambazo hazijawahi kuvaliwa, senti za tundu zilizotungwa kwenye uzi, barua za watu wengine alizokuwa akiwatunzia kwa kuwa hakujua kusoma, na kipande cha karatasi ngumu, kidogo kuliko kiberiti. Nilidhani ni kadi ya bahati nasibu. Kumbe ni tiketi ya treni.

Nimeishika mara nyingi. Rangi yake imebaki kama ya chai ya maziwa. Pembe moja imetobolewa na koleo la mkaguzi, tundu lenye umbo la jani. Juu zimo herufi za Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, chini yake “Dar es Salaam – Moshi”, daraja la tatu. Ubavuni tarehe imegandamizwa bila wino, lazima uielekeze kwenye mwanga wa pembeni uione. Siku inasomeka, mwezi unasomeka. Mwaka umelika.

Mwaka tuliupata kwa reli yenyewe. Wajerumani walijenga njia mbili ambazo hazikukutana: moja kutoka Tanga kwenda Moshi, nyingine kutoka Dar es Salaam kwenda Kigoma, iliyofika huko 1914. Kwa miaka karibu hamsini aliyetoka Dar kwenda Moshi alilazimika kutafuta njia nyingine ya kufika Korogwe au Tanga ndipo apande treni. Kipande cha kuziunganisha, kutoka Ruvu hadi Mnyusi karibu na Korogwe, kilifunguliwa 1963. Na shirika lenye herufi zile liligawanywa 1969, reli ikawa peke yake na bandari peke yake. Tiketi za zamani huenda ziliendelea kutumika kidogo baada ya hapo, hilo nalikubali. Lakini mwanzo wake hauna shaka: kabla ya 1963 safari hiyo haikuwapo.

Mjomba akajaribu kuitetea hadithi ya zamani. Huenda, alisema, tiketi moja ilijumuisha basi na treni. Hoja nzuri, nikaiandika. Ila bibi alikuwa na msemo kuhusu safari za Moshi ambao mama na mama mkubwa waliukumbuka neno kwa neno, kila mmoja kwa wakati wake: “Naingia Dar, nashuka Moshi, mabunda siyahamishi hata mara moja.” Msafiri asiye na mzigo asingejali kuhama behewa. Bibi alijali kwa sababu ya mabunda.

Babu alifariki Machi 1962. Mwaka huo umo kwenye kaburi lake Tabora, umechorwa kwa msumari saruji ikiwa mbichi. Kaburi linaweza kujengewa baadaye na mtu akakosea, lakini mama mkubwa alikuwa na miaka kumi na mitatu na anakumbuka bibi akikaa eda miezi minne na siku kumi, na mvua za masika zikipita akiwa ndani. Hesabu yake inaafikiana na jiwe. Basi tiketi ile ni ya mjane. Na “Dar es Salaam” niliyoitaja kama kituo cha kazi cha babu haikuwa kituo chake hata siku moja. Babu alikufa Tabora akiwa mtu wa Tabora. Aliyeihamishia familia Dar ni bibi, mwishoni mwa 1962, na watoto saba, mdogo kabisa akiwa bado ananyonya.

Nani aliwalea hao saba mama yao akiwa Moshi? Bibi mdogo. Alikuja kutoka Ujiji akiwa msichana, akakaa, naye hakuolewa hadi wapwa zake wawili wa mwisho walipoanza shule. Alinieleza hilo akichambua mchele, bila kuinua uso, na sikuwa nimemwuliza. Katika wasifu wangu jina lake halimo. Mama mkubwa anakumbuka upande wa pili wa safari hizo: bibi anaondoka na kanga na vyombo vya bati, anarudi na maharage, na nyumba nzima inanukia ndizi mbivu kwa wiki.

Hayo ndiyo niliyoyaita “mama wa nyumbani”. Kati ya genge la Lindi na siku alipoacha biashara kwa sababu ya miguu ni zaidi ya miaka thelathini.

Safari za Mombasa zilikuwa rahisi kuzipanga na ngumu kuziandika. Zile kanga mbili za sandukuni zina maandishi kwenye pindo, “K.H.E. – Mali ya Abdulla”, alama ya wenye duka maarufu wa Mombasa. Mama mdogo alitaka tuzichukue kama ushahidi kwamba bibi alifika huko. Nilikataa, na bado nadhani nilifanya sawa: kanga hizo ziliuzwa pwani nzima na bara, unaweza kuwa nazo bila kuvuka mpaka hata mara moja. Ushahidi wetu ulikuwa mama.

Mama alikuwa na miaka kumi na tisa, na siku TANU na ASP zilipoungana kuzaa CCM, 5 Februari 1977, alitoka na wenzake kutazama sherehe mtaani Dar es Salaam. Anakumbuka kwamba alitoka kwa sababu bibi hakuwapo wa kumkataza, na kwamba furaha yake iliharibika jioni jirani alipokuja kuuliza, “Mama yenu amerudi? Mpaka umefungwa.” Ilikuwa siku zilezile. Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoundwa 1967, ilikuwa inasambaratika, ndege za shirika la pamoja zimekwama, nchi zinagombania mali, na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya mwanzoni mwa Februari. Haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Bibi alikuwa Mombasa na mabunda matatu.

Nyumbani walikaa wiki mbili na zaidi bila habari. Mjomba mkubwa, aliyekuwa ameanza kazi, alikwenda hadi Tanga kumtafuta, akarudi mikono mitupu. Kisha usiku mmoja bibi akabisha hodi, nguo zake zikinuka chumvi. Alikuja kwa jahazi hadi Tanga. Mabunda yalikuwa matatu bado.

Tulibishana juu ya hilo kuliko juu ya Lindi. Mpaka umefungwa, mzigo umepita baharini usiku: hayo yana jina, na mjomba alilitaja. Magendo. Hakutaka neno hilo wala kivuli chake kwenye kisomo cha arobaini cha mama yake, mbele ya masheikh. Mama alisema mzigo ulinunuliwa kihalali siku mpaka ukiwa wazi, na kwamba ule mzigo ndio uliolipa ada na daftari za wawili wa mwisho mwaka ule. Mwishowe tukakubaliana kuandika kwamba mpaka ulifungwa akiwa Mombasa akarudi kwa jahazi, bila kutaja mabunda. Nilitii. Moyoni naona mabunda yalistahili kutajwa, kwa kuwa bila hayo mwanamke yule anaonekana kama abiria aliyepatwa na balaa, na yeye hakuwa abiria.

Neno jingine lililotugawa ni dogo. Nilikuwa nimeandika “mchuuzi”. Mama mdogo akaona linamshusha, akataka “mfanyabiashara”. Nikamwelewa, kwani mchuuzi kwa masikio ya leo ni mtu wa kufukuzwa barabarani. Tukamwuliza bibi mdogo marehemu alijiitaje. Akasema hakujiita kitu. Akiulizwa anakwenda wapi alijibu, “Nakwenda kwenye kazi yangu.” Basi tukaandika hivyo: alikuwa na kazi yake. Nadhani ndiyo sentensi bora katika ukurasa mzima, na haikutoka kichwani mwangu.

Siku ya arobaini, baada ya hitima, nilisimama uani palepale. Ukurasa ulikuwa umekuwa mitatu, na mjomba hakunihimiza. Nilianza na nzige. Nikasema kwamba aliondoka Ujiji akiwa ameolewa, akabaki Lindi kwa ajili ya genge lake wakati mumewe amerudishwa Tabora, na kwamba babu alimfuata huko likizo ilipofika. Nilimtazama mjomba. Alikuwa anatazama chini, anatikisa kichwa kukubali. Nikasoma upepo. Nikasoma tiketi, na jina la bibi mdogo aliyebaki na watoto. Nikasoma Mombasa na jahazi. Watoto wa binamu zangu, ambao husinzia wasifu unaposomwa, walikuwa wamesogea mbele, na mmoja akataka kujua upepo ule ulitoka wapi.

Tulipokwisha kula nikaenda kukaa mkekani kwa bibi mdogo na kumpa nakala yake, ingawa kusoma hajui. Akaikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la kanga yake, mahali anapofunga hela. Nikamwuliza kama sasa anamjua niliyemsoma.

“Huyo ndiye,” akasema. Akafikiri kidogo. “Ila mbona hamkuandika Usumbura?”

Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kusikia habari ya Usumbura. Mji huo umeitwa Bujumbura tangu Burundi ipate uhuru wake 1962, ingawa wazee wa ziwani hawakuliacha jina la kale mara moja. Nikatafuta kalamu. Safari hii sikumwuliza mwaka. Nilimwuliza bibi alikwenda na nani.

“Peke yake,” akasema. “Mimi nilimsindikiza hadi bandarini Kigoma. Nikambebea kikapu.”